Nani Anauliza, Nani Anaondoka na Majibu

Novemba 2024 kuna video iliingia karibu kila kundi la WhatsApp nililomo. Mbunge kijana wa New Zealand, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, anachana nakala ya muswada mbele ya bunge zima na kuanza haka, ngoma ya jadi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Wenzake wanainuka kuungana naye, watu kwenye roshani nao wanaitikia, mpaka spika anasimamisha kikao. Kwenye kundi la familia yetu binamu aliandika, "Huyu ndiye mbunge sasa." Mwingine akauliza wa kwetu wanachana nini. Kesho yake tukarudi kwenye michango ya harusi.

Muswada wenyewe ulitaka kutafsiri upya Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840 kati ya machifu wa Kimaori na Malkia wa Uingereza. Siku chache baada ya video ile, polisi walikadiria kwamba watu 42,000 waliandamana hadi bungeni Wellington. Tarehe 10 Aprili 2025 muswada ukaangushwa kwa kura 112 dhidi ya 11.

Mimi nilichobaki nacho ni nasaba ya yule binti. Babu yake, Taitimu Maipi, alikuwa Ngā Tamatoa, kundi la vijana wa Kimaori lililoitikisa nchi hiyo miaka ya 1970. Ndugu yake mwingine wa ukoo, Hana Te Hemara, ndiye aliyewasilisha bungeni Septemba 1972 ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 la kutaka Kimaori kifundishwe mashuleni. Na ndani ya kundi hilohilo alikuwemo mwanafunzi mmoja wa kike ambaye leo wasomi wa dunia wanamjua kama Linda Tuhiwai Smith. Kazi aliyoifanya tangu hapo haiwezi kusambaa WhatsApp. Ni vikao, mitaala, fomu za maadili ya utafiti, maombi ya fedha, usimamizi wa wanafunzi wa uzamivu. Bila kazi ya namna hiyo sidhani kama kungekuwa na binti wa kuchana muswada ule kwa lugha ile.

Nilimfikia Smith kwa njia ya udodosi. Nilipotoka chuo nilifanya kazi ambayo vijana wengi wa rika langu wameipitia. Unapewa semina, kishikwambi, fulana yenye nembo ya mradi, na barua yenye mihuri ya mkoa, wilaya na kata. Ukifika kijijini unaripoti kwa mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji anakuzungusha kaya kwa kaya. Unauliza watu wanakula milo mingapi, wana kuku wangapi, mama alijifungulia wapi mtoto wa mwisho. Jioni unapanda kilimani kutafuta mtandao, unatuma data, na data zinakwenda kwenye seva ambayo hata msimamizi wako hajui iko nchi gani.

Katika kijiji kimoja mama mtu mzima aliitikia shikamoo yangu, akanisogezea kigoda, akanitazama ninavyowasha kishikwambi.

"Mwanangu, wenzako walikuja mwaka juzi wakauliza hayahaya. Majibu yetu mliyapeleka wapi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi mama, yamehifadhiwa, yako salama.

"Sijauliza kama yako salama. Nimeuliza yako wapi."

Halafu akajibu maswali yote, moja baada ya jingine, kwa upole kabisa. Kwenye kuku akanidanganya. Alisema wawili, na huku nyuma yake koo anapita na vifaranga, jogoo yuko juu ya kinu, na wengine wanaparua chini ya mwembe. Nikaandika wawili. Niliona ana haki ya kubaki na kitu ambacho hakijaingia kwenye seva.

Miezi baadaye rafiki yangu aliyekuwa akisoma uzamili alinipa kitabu cha Smith, *Decolonizing Methodologies*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1999. Nilitegemea falsafa. Nikakuta swali la yule mama, limeandikwa na mtu wa upande wa pili wa dunia.

Smith anaanza bila kuzunguka: kwa watu waliotawaliwa, utafiti unanuka. Anakumbusha kwamba kuna wakati wazungu walijaza punje za uwele kwenye mafuvu ya wahenga wa watu wengine, wakapima punje zimejaa kiasi gani, wakadai hiyo ndiyo akili. Sisi hatuhitaji kwenda New Zealand kuyajua hayo. Berlin kulihifadhiwa mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine ya Tanzania. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na ukoo wake mpaka leo unatafuta kichwa chake. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro. Zaidi ya miaka 100 mtu yuko kabatini na namba, na wajukuu zake wako hapahapa Moshi wanalima ndizi.

Ila kitabu hiki kimepata bahati mbaya ya kupendwa nusu. Vyuoni watu wananukuu sura za mwanzo, zile zinazomshika mkoloni shati, kisha wanafunga. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi. Huko Smith anataja miradi 25 ambayo watu wa asili duniani kote tayari wanaifanya: kudai ardhi, kutoa ushuhuda, kukumbuka, kurudishia mahali majina yake, kurudisha vilivyochukuliwa, kulinda, kujadiliana na serikali, kusherehekea kwamba bado wapo. Kudai, kwa mfano, anakuita utafiti kwa sababu ukienda mahakamani kudai ardhi lazima uwe na nasaba, ramani, simulizi na nyaraka, na mtu lazima azikusanye na kuzipanga. Wazee wanaokaa usiku kucha wakikumbushana mpaka wa shamba la ukoo wanafanya utafiti. Hawana kibali tu.

Ukitaka kujua mwanamke huyu aliyapata wapi mawazo haya, nenda Whakatāne, mji mdogo wa pwani alikozaliwa mwaka 1950. Ni wa makabila ya Ngāti Awa na Ngāti Porou. Mwaka 1866 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Ngāti Awa ekari 245,000 kwa kosa la uasi. Wakiwa katika hali hiyo walijenga nyumba kubwa ya kuchongwa iitwayo Mataatua, ikafunguliwa mwaka 1875. Nyumba ya namna hiyo kwa Wamaori si ukumbi. Boriti ya juu ni uti wa mgongo wa mhenga, nguzo za ukutani ni watu wa ukoo, na ukiingia umeingia kifuani mwake.

Miaka minne baadaye serikali ikaichukua nyumba hiyo kwenda kuionyesha kwenye maonyesho ya Sydney. Walipoisimamisha kule waliigeuza ndani nje, ili nakshi za ndani zionwe na wapita njia. Hebu fikiria mtu anamchukua babu yako na kumvua ngozi ili wageni waone vizuri. Toka Sydney ikaenda London, ikakaa stoo miaka mingi, ikatolewa kwa maonyesho ya Wembley ya 1924, ikarudishwa New Zealand mwaka uliofuata na kuwekwa makumbusho ya Otago, Dunedin, mbali kabisa na kwao. Ngāti Awa wakaidai na kuidai. Mwaka 1996 walikubaliwa, na Septemba 2011 Mataatua ikafunguliwa tena Whakatāne. Tangu iondoke ilikuwa imepita miaka 132.

Baba yake Smith, Hirini Moko Mead, mwanaanthropolojia, ndiye aliyeongoza majadiliano ya madai ya Ngāti Awa na serikali, yaliyoishia kwenye sheria ya mwaka 2005. Ni huyohuyo aliyekuwa mmoja wa waandaaji wa maonyesho ya Te Maori katika makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 1984. Safari hiyo makabila yaliombwa ruhusa kwanza, na wazee wakasafiri pamoja na vitu vyao na kuvifanyia ibada alfajiri kabla milango haijafunguliwa. Binti naye alikwisha kuonja makumbusho mapema. Familia iliishi Marekani wakati baba anasoma, na Linda akiwa bado msichana alipata kibarua katika makumbusho ya Peabody huko Salem, Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa vibandiko vya maelezo. Kila nikisoma maandishi yake nakumbuka kwamba aliwahi kukaa mezani akiandika majina ya vitu vya watu wengine, kwa maneno yaliyoamuliwa na mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye mamlaka. Mkataba wa Waitangi una maandiko mawili yasiyolingana. Ya Kiingereza yanasema machifu walimkabidhi Malkia mamlaka yote. Ya Kimaori, ambayo ndiyo yaliyotiwa sahihi na walio wengi kati ya machifu zaidi ya 500, yanampa Malkia haki ya kuweka serikali na kuwaachia machifu mamlaka yao kamili juu ya ardhi, vijiji na tunu zao. Mtanzania aliyesoma historia ya shule ya msingi anamkumbuka Mangungo wa Msovero, chifu aliyetia sahihi mkataba wa Mjerumani Karl Peters mwaka 1884 bila kujua anatoa nchi, kwa hiyo sina haja ya kurefusha. Mwaka 2014 Baraza la Waitangi, lililoundwa 1975 kusikiliza madai ya aina hii, lilitamka kwamba machifu wa kaskazini waliotia sahihi mwaka 1840 hawakuyatoa mamlaka yao. Smith mwenyewe aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza hilo mwaka 2016.

Watu wengi wakisikia mamlaka ya wenyeji wanafikiria bendera na mipaka. Jinsi ninavyomsoma mimi, Smith anaanzia chini zaidi, kwenye darasa la chekechea. Mwaka 1913 karibu asilimia 90 ya watoto wa Kimaori waliokuwa shule walijua lugha yao. Kufikia 1975 hawakufika asilimia 5. Mwaka 1982 akina mama na bibi wakaanzisha kōhanga reo, yaani vituo ambamo mtoto anatunzwa na wazee kwa Kimaori tu. Watoto wakakua, wakafika umri wa darasa la kwanza, na serikali haina shule ya kuwapokea kwa lugha yao. Mwaka 1985 wazazi na walimu wakafungua shule yao kwenye marae (uwanja wa mikutano wa Wamaori) ya Hoani Waititi, Auckland, kabla sheria haijaitambua. Sheria ilikuja 1989. Smith, ambaye alikuwa mwalimu, na mumewe Graham Hingangaroa Smith walikuwa miongoni mwa waliozisukuma shule hizo.

Utaratibu huo naupenda kuliko hoja yoyote ya kitabuni. Hawakuandika waraka wa kuomba lugha iheshimiwe kisha wakakaa. Walifungua, wakafundisha, na serikali ikakuta jambo limekwisha kuwepo. Walipopanda ngazi wakafanya hivyohivyo chuo kikuu. Graham aliweka lengo la Wamaori 500 wenye shahada ya uzamivu au walio njiani kuipata ndani ya miaka mitano, watu wakacheka, na lengo likafikiwa. Linda alikuwa mkurugenzi mwenza mwasisi wa Ngā Pae o te Māramatanga, kituo cha utafiti cha Wamaori kilichoanza mwaka 2002 na kuwaunganisha watafiti hao. Ukiwa na mamia ya watu wenye uzamivu, kamati ya maadili ya chuo haiwezi tena kusema haimpati Mmaori wa kukaa mezani. Hesabu nyepesi, lakini ni nani kwetu amewahi kuipiga kwa ajili ya Wahadza au Waakie, jamii zetu ndogo za wawindaji?

Kuna sehemu moja ya kitabu niliyoipigia mstari mpaka karatasi ikachoka. Smith anataja miiko ya utafiti kwa Kimaori, akimfuata msomi mwenzake Ngahuia Te Awekotuku: waheshimu watu, tazama na usikilize kwanza ndipo useme, uwe mkarimu, usikanyage heshima ya mtu, usijitape kwa elimu yako. Katikati yake upo mmoja unaosema sura yako ionekane. Kupiga simu hakutoshi, barua haitoshi. Nenda, watu wakuone, na uendelee kwenda hata wakati huna cha kuuliza.

Sidhani kama kuna Mswahili anayehitaji kufafanuliwa hapo. Mtu asiyeonekana misibani, akija na shida yake watu wanamsikiliza kwa sikio moja. Mtaani kwetu kuna mzee ambaye hakumbuki aliyechanga shilingi ngapi kwenye arusi ya mwanawe, ila ukimuuliza nani alilala matangani siku mkewe amefariki atakutajia mmojammoja. Mimi nilikuwa naingia kijijini Jumatatu na kutoka Jumatano na fulana ya mradi. Hata kama dodoso lingeandikwa na malaika, yule mama alikuwa na kila sababu ya kunificha kuku.

Na miiko hii haikubaki New Zealand. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za utafiti, za kwanza kutolewa na jamii ya asili barani Afrika, baada ya kuudhiwa na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2010 ambao viongozi wao walisema hawakuulizwa. Ukitaka kuwatafiti, wanataka useme ukweli, kwa lugha inayoeleweka, na urudi na majibu.

Nina ugomvi mmoja na mashabiki wa Smith wa upande wetu, na nadhani naye angeuelewa. Hoja yake imejengwa juu ya nchi ambayo mlowezi na mwenyeji wanajulikana kwa macho. Ukiileta Tanzania inagonga ukuta, kwa sababu serikali itakuambia hapa sote ni wenyeji, na kwa maana moja ni kweli. Basi tazama maajabu haya. Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili. New Zealand ilikataa, pamoja na Marekani, Kanada na Australia. Kenya haikuchagua upande. Tanzania ilisema ndiyo. New Zealand iliunga mkono baadaye, mwaka 2010. Aliyesema hapana anazo taasisi za kusikiliza madai ya Wamaori, na aliyesema ndiyo hamtambui nyumbani mtu yeyote anayehusika na azimio hilo.

Wakati huohuo hukumu kubwa imesomwa hapahapa Arusha. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, ikawatambua kuwa jamii ya asili, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na warudishiwe ardhi yao. Waogiek hawakutawaliwa na mzungu peke yake. Waliondolewa na serikali huru, yenye rais Mwafrika. Anayenukuu Smith kwetu kwa kumpiga mzungu na kuishia hapo amechagua sehemu isiyomgharimu kitu.

Smith naye hakuishi maisha ya kupigiwa makofi tu. Mwaka 2020, wakati akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Waikato, wasomi wa Kimaori walilalamika kwa maandishi juu ya ubaguzi chuoni hapo, na tathmini iliyofuata ikakiri kwamba ubaguzi wa kimfumo upo. Ilipojulikana kwamba huenda anaondoka, wanafunzi na watafiti kutoka nchi mbalimbali walijaza Twitter kwa shuhuda za alichowafanyia. Mwaka 2021 alihamia Te Whare Wānanga o Awanuiārangi, chuo cha Ngāti Awa kilichoko Whakatāne, katika mji uleule ilikorudi Mataatua. Mwaka 2023 Te Apārangi, akademia ya sayansi ya New Zealand, ikampa Medali ya Rutherford, tuzo yake ya juu kabisa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya wanafizikia na wenzao wa maabara.

Akademia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikisimamia Mfuko wa Marsden, chanzo kikubwa cha fedha za utafiti usio wa kibiashara nchini humo. Desemba 2024, majuma machache baada ya maandamano ya Wellington, serikali ilitangaza kwamba mfuko huo hautafadhili tena sayansi za jamii wala fani za binadamu. Yaani fani zake. Hata wānanga, yaani vyuo vya Wamaori kama kile cha Whakatāne, zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na ruzuku ya serikali. Wamaori wamefanikiwa kubadilisha nani anauliza na nani anakaa na majibu. Hundi bado inatiwa sahihi na waziri, na kila bajeti mazungumzo yanaanza upya.